Bangi ya kujichanulia (oto): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jinsi mbegu zake zilivyoboreshwa

Nimezaliwa Trans Nzoia, kwenye mahindi, na sasa naishi Ontario, Kanada. Huku, tangu tarehe 17 Oktoba 2018, sheria inaruhusu nyumba moja kupanda miche minne ya bangi kwa matumizi ya watu wazima. Maswali haya nimeulizwa na Waswahili wenzangu wa hapa, wa Ujerumani na wa Afrika Kusini. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Anayetaka kujua habari za sheria za nyumbani aruke moja kwa moja hadi swali la kabla ya mwisho.

Oto ni nini hasa?

Bangi ya kawaida hukua tu mpaka usiku urefuke, ndipo ichanue. Ndiyo maana wanaopanda ndani ya nyumba huipa mwanga wa saa 18 kwa siku ili ikue, kisha wanaupunguza hadi saa 12 ili itoe maua. Oto haingoji usiku. Inahesabu umri wake yenyewe: wiki ya tatu au ya nne tangu kuota inaanza kuchanua, hata kama taa inawaka saa 20, na nyingi huwa tayari kuvunwa kati ya siku ya 70 na ya 90.

Mimi huanza kuchungulia siku ya 20. Unalishika shina taratibu, unatazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, kwenye kifundo cha nne au cha tano. Ukiona nyuzi mbili nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimechomoza kwenye kijikoba cha kijani kidogo kuliko punje ya mtama, basi huo ni mche jike na safari yake imeanza. Kuanzia hapo hakuna kuurudisha nyuma.

Kwa nini mtu ahitaji mche usiongoja usiku? Kwetu bangi huchanua yenyewe.

Kwetu ndiyo, kwa sababu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana, au hukaribia kulingana, mwaka mzima. Mmea hauna haja ya kusubiri msimu. Toronto mwezi Juni mchana unazidi saa 15, na Helsinki unakaribia saa 19. Mche wa kawaida uliopandwa nje huku huendelea kurefuka kiangazi chote, unaanza kuchanua mwezi Agosti, na maua yanakomaa Oktoba. Oktoba ya huku ni mvua ya baridi, ukungu unaoozesha maua kutoka ndani, na jalidi ya alfajiri. Oto iliyopandwa mwishoni mwa Mei inavunwa Agosti, jua likiwa bado kali.

Kuna na suala la nafasi. Mtu wa ghorofa ya tatu jijini Berlin, mwenye roshani ya hatua nne, hawezi kuweka mmea wa mita mbili na nusu. Haja hii ilizaliwa kaskazini, ikazaa mbegu za kaskazini.

Tabia hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye magugu. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea wa Urusi, D. E. Janischewsky, aliieleza bangi ya mwituni ya kusini mashariki mwa Urusi, upande wa mto Volga, akaiita Cannabis ruderalis. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini la kifusi, maana mimea hii huota kandokando ya njia na kwenye ardhi iliyochimbuliwa. Ni mifupi, ina matawi machache, na mbegu zake hudondoka zikalala ardhini majira yote ya baridi. Kiangazi cha kule ni kifupi, na mmea ungengoja usiku urefuke ungekufa kabla ya kuzaa. Iliyosalia ni ile iliyojifunza kutongoja.

Kwa kulevya haina kitu: THC yake, yaani kemikali inayolevya, ni kidogo mno. Wataalamu wengi leo wanaihesabu kuwa sehemu ya Cannabis sativa ile ile aliyoiandika Linnaeus mwaka 1753, si jamii ya peke yake. Kwa mkulima wa nyumbani ubishi huo hauna uzito. Alichohitaji kwenye gugu lile ni tabia moja tu.

Nani aliifikisha kwenye bustani za watu?

Uholanzi, miaka ya 1980, wazalishaji wa mbegu akiwemo Nevil Schoenmakers walikuwa tayari wanaichanganya ruderalis na bangi zenye nguvu. Machotara yale yalichanua mapema, lakini hayakuwa ya kutegemewa: mbegu kumi za pakiti moja zingekupa mimea ya tabia mbalimbali.

Hatua kubwa ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mbegu iliyoitwa Lowryder, kazi ya mzalishaji wa Kanada anayejulikana kwa jina la Joint Doctor. Alianza na mmea uliojichanulia ulioitwa Mexican Rudy, akauchanganya na aina mbili za bangi, Northern Lights na William's Wonder, akachagua kizazi baada ya kizazi mpaka kila mbegu ikawa oto. Mche wake ulikuwa wa sentimita 30 au 40 na ulimaliza kazi kwa takribani siku 60. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuza kitu kama hicho kikiwa kimetulia namna ile.

Miaka ya 1990, Finland, J. C. Callaway alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa: bangi ya viwandani (hemp) ya mbegu za mafuta itakayokomaa kaskazini. Alitumia mbegu za Kirusi kutoka hazina ya Taasisi ya Vavilov ya St. Petersburg, akapata aina iliyoitwa FIN-314, ambayo baadaye ilijulikana kama Finola. Hailevyi, lakini nayo hujichanulia. Mimi huwa naitaja kila mara, kwa sababu bila ile hazina ya mbegu iliyotunzwa kwa miongo mingi, asingekuwa na pa kuanzia.

Mbona oto za mwanzo zilidharauliwa?

Zilistahili. Mavuno yalikuwa ya kujaza kiganja, harufu ya nyasi, na nguvu hafifu. Waliozoea bangi ya kawaida waliziita mchezo wa watoto. Sababu yake iko kwenye hesabu ifuatayo.

Kwani kuchanganya mara moja hakutoshi?

Hakutoshi, kwa sababu tabia ya kujichanulia ni ya kujificha. Ili mche uwe oto lazima urithi chembe (jeni) ya tabia hiyo kutoka kwa baba na mama pia. Ukichukua ruderalis ukaichanganya na bangi ya kawaida, watoto wote wanabeba chembe moja moja na kwa kawaida hakuna hata mmoja anayejichanulia sawasawa. Anayefanya kazi hii mara ya kwanza hudhani ameshindwa. Hajashindwa. Awachanganye watoto hao wenyewe kwa wenyewe, na kwenye wajukuu tabia itaibuka kwa mche mmoja kati ya minne.

Sasa fikiria mtu mwenye kichumba kimoja. Amepanda mbegu 40 za wajukuu. Oto ni kama 10. Nusu ya hizo ni dume. Amebaki na majike 5, na kati ya hayo matano ndipo anatafuta lenye harufu nzuri, nguvu, umbo na afya. Ni sawa na kumtafutia binti mchumba kwenye nyumba moja tu. Lazima achukue aliyepo.

Na bado nusu ya damu ya wajukuu hao ni ya gugu la Volga. Kwa hiyo anachukua jike bora la oto, analirudisha kwa mzazi wa kawaida aliye mzuri, anapata tena watoto wasiojichanulia, anawachanganya tena, anatafuta tena mmoja kati ya wanne. Kila mzunguko ni vizazi viwili. Damu ya gugu inashuka kutoka nusu hadi robo, kisha asilimia 12.5, kisha 6.25. Waliouza mapema waliuza mbegu zenye robo ya gugu ndani yake, na mvutaji alilionja.

Mambo yalibadilika pale wazalishaji kadhaa walipokuwa na mistari ya oto iliyotulia, yaani koo ambazo kila mbegu hutoa oto. Ukichanganya oto na oto, watoto wote ni oto. Hakuna tena kutupa robo tatu ya shamba. Yule mwenye mbegu 40 sasa ana mimea 40 ya kuchagua, na hapo ndipo uboreshaji ulipokimbia. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri nzima, na inazungumzwa kidogo mno.

Kuna zao lingine lililopitia njia hii?

Mtama, tena mtama wetu. Mitama mirefu ya Afrika ilipopelekwa Marekani haikuchanua kwa wakati, kwa sababu michana ya kiangazi ya kule ni mirefu. Kuanzia mwaka 1963, Wizara ya Kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha Texas A&M waliendesha mpango wa kuigeuza. Walichanganyia Puerto Rico, ambako mchana ni mfupi na mitama ya Afrika huchanua, wakapeleka wajukuu Texas, wakachagua mifupi inayowahi, wakairudisha Puerto Rico kuichanganya tena na mzazi wa Kiafrika. Ni kupanda na kurudisha, kupanda na kurudisha, kama hesabu niliyoieleza juu.

Undugu wa mtama na bangi umeonekana mpaka ndani ya jeni. Mwaka 2011 ilichapishwa kwamba jeni kuu inayoufanya mtama usubiri usiku ni ile iitwayo PRR37. Baadaye watafiti wakaonyesha kwamba kwenye bangi, aina mojawapo ya tabia ya kujichanulia inatokana na hitilafu kwenye jeni ya ukoo huo huo. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Mtama wa bibi yangu na gugu la Volga wanatumia saa ya mwilini ile ile.

Kwa mzalishaji wa leo maana yake ni wazi: anaweza kukata kipande cha jani la mche wa wiki moja, akapima maabara, akajua kama umebeba chembe ya oto hata kama umeificha. Hangoji tena kizazi kizima kuona.

Kwa nini basi ilichukua miaka mingi hivyo?

Kwa sababu oto haiwekwi kama muhogo.

Ukipata muhogo mtamu unakata pingili, unapanda, na muhogo ni ule ule. Bangi ya kawaida ni vivyo hivyo. Mzalishaji akipata jike zuri analiweka chini ya mwanga mrefu, halichanui, linaishi miaka, na kila akitaka anakata vipandikizi. Anaweza kuvuna kipandikizi kimoja, kukivuta, kukipima, kisha akarudi kwa mama akiwa na uhakika.

Oto ukiikata kipandikizi, saa imekatwa nayo. Kipande cha mche wa siku 25 nacho kina siku 25, kitachanua kikiwa kidogo kama kidole. Hakuna mama wa kutunza. Na mbaya zaidi, chavua inatakiwa kuwekwa wakati maua ni machanga, kabla hujajua kama mche ule ni mzuri. Siku utakayojua ubora wake, mche umekwisha kufa.

Kwa hiyo waliofaulu walifanya kazi kwa bahasha. Kila jike lilichavushwa kwenye tawi moja la chini, tawi likafungwa utepe wenye namba, na mengine yakaachwa yakomae bila mbegu. Baada ya mavuno wanatia mbegu za kila tawi kwenye bahasha yenye namba yake, kisha wanakausha maua, wanapima, wanaonja. Mche namba 17 umeshinda? Wanaifungua bahasha namba 17. Bahasha za wengine zinatupwa au zinangoja. Kisha wanapanda mbegu za 17 kuona kama watoto wamerithi kweli, kwa sababu mama mzuri anaweza kuwa ameficha mengi. Ni kazi ya daftari kuliko ya koleo.

Mama yangu alichagua mbegu za mahindi kwa namna hiyo hiyo: magunzi yaliyojaa mpaka nchani, yenye mistari iliyonyooka, yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko moshi uyalinde na wadudu. Hakuwahi kumjua Mendel, baba wa elimu ya urithi. Ila alijua kwamba unachokula na unachopanda havitoki kwenye kikapu kimoja.

Mbegu za jike tupu zinatengenezwaje?

Bangi ina mimea dume na mimea jike, na anayetaka maua humtaka jike. Jike likinyunyiziwa kiyeyusho cha madini ya fedha, hasa thiosulfati ya fedha, hutoa maua ya kiume. Chavua yake haina chembe ya udume kwa sababu jike halina, na mbegu zinazotokea huwa karibu zote jike. Mimea iliyonyunyiziwa hivyo haivutwi wala haitumiwi, ni ya mbegu tu. Kwa oto faida ni mara mbili, maana mwenye haki ya miche minne hawezi kumudu kupoteza miwili kwa dume.

Nguvu ya oto sasa inalingana na ya kawaida?

Kwa nyingi, imekaribia sana. Matangazo yanataja THC ya asilimia 20 na zaidi, na mistari bora hufika huko. Lakini namba iliyo kwenye pakiti ni ya mche bora katika mazingira bora, hivyo usiinunue mbegu kwa namba peke yake.

Kilichofanya oto za zamani kuwa hafifu si saa yake. Ruderalis iliingia na urithi wa CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo hailevyi. Mwaka 2003 Etienne de Meijer na wenzake walionyesha kwamba uwiano wa THC na CBD huamuliwa kwa kiasi kikubwa na eneo moja la urithi. Likiwa limerithiwa upande wa THC kwa wazazi wote wawili, CBD hubaki kidogo. Kwa hiyo wazalishaji walilazimika kuzitenganisha tabia mbili zilizoingia pamoja: kubakiza saa na kuondoa CBD. Baadaye soko lilipoitaka CBD wakaenda upande wa pili, na leo kuna oto za CBD nyingi zenye THC ndogo.

Na ukubwa?

Hapa wazalishaji walifanya jambo la busara: walichagua mimea inayochelewa kidogo. Oto inayoanza kuchanua siku ya 30 badala ya ya 20 imepata siku kumi za kujenga mizizi na matawi. Ndiyo maana oto za leo hufika mita moja na kuendelea. Zile zinazoitwa super auto huchukua siku 100 au zaidi. Huku kwetu kaskazini mimi sizipendekezi nje, maana zinakurudisha kwenye mvua ile ile ya vuli uliyokuwa unaikimbia.

Nilinunua oto zikakataa kuchanua. Tatizo ni nini?

Pole. Yamenipata. Mwaka mmoja nilipanda miche minne, miwili ikachanua siku ya 24, miwili ikaendelea kurefuka kama mianzi. Nilibadilisha mbolea, nikaisogeza kwenye jua zaidi, nikalaumu udongo wangu. Mwezi Agosti usiku ulipoanza kurefuka, nayo ikachanua. Oktoba jalidi ikaiua ikiwa haijakomaa. Nilikuwa nimepoteza nusu ya nafasi yangu ya mwaka mzima.

Kosa halikuwa la udongo. Mahali fulani mbegu zilipozalishwa, chavua ya bangi ya kawaida ilipenya, au mzazi mmoja hakuwa ametulia. Chembe moja tu ya saa haitoshi. Ukiona mche umepita wiki ya sita bila nyuzi nyeupe, usiupe mbolea ya maua. Mwandikie muuzaji, na kama unaweza usogeze sehemu unakoweza kuufunika ifikapo vuli.

F1 (chotara wa kizazi cha kwanza) zinazouzwa sasa ni kitu tofauti?

Tofauti yake ni ile aliyoijua kila mkulima wa Kitale tangu mahindi chotara H611 yalipotolewa mwaka 1964. Chotara wa kweli huzaliwa na mistari miwili iliyo mbali, na hutoka na nguvu ya ziada. H611 ilichanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Kwa oto, mzalishaji hutuliza mistari miwili kwa vizazi kadhaa mpaka kila mmoja uwe sare, kisha anaichanganya. Unapata mimea inayofanana kimo na siku. Zamani neno F1 liliandikwa kwenye pakiti za mchanganyiko wowote, basi muulize muuzaji wazazi walitulizwa kwa vizazi vingapi. Ni ghali, na ukihifadhi mbegu zake watoto watatawanyika, kama mahindi chotara.

Naweza kupanda Tanzania au Kenya?

Hapana. Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Kenya kuna sheria ya mwaka 1994, na zote zinafanya kilimo cha bangi kuwa kosa zito. Kutuma au kubeba mbegu kuvuka mpaka ni hatari kwako na kwa atakayezipokea, na nawaomba sana ndugu wa ughaibuni wasimwekee mtu wa nyumbani mzigo huo kwenye sanduku.

Kwingine tofauti ni kubwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa mimea mitatu. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi ya faragha ya mtu mzima tarehe 18 Septemba 2018. Hata ndani ya Kanada, Quebec inakataza kupanda nyumbani, na Mahakama ya Juu iliipa haki mwaka 2023. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kununua mbegu. Na penye watoto nyumbani, mimea na mavuno viwekwe chini ya kufuli.

Naweza kuhifadhi mbegu zangu mwenyewe?

Unaweza, ukikumbuka kwamba dume naye anahesabiwa kati ya miche yako minne. Kama wazazi wote wawili ni oto, watoto watakuwa oto. Watatofautiana kwa kimo na harufu, na huo ndio mwanzo wa kuchagua. Kausha mbegu vizuri, zitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya chupa iliyofungwa, mahali pa baridi na giza. Na andika. Bahasha yangu ya mwaka jana imeandikwa hivi: mche wa 3, nyuzi siku ya 23, sentimita 80, ukungu hakuna, harufu ya ndimu, ulivunwa siku ya 81. Ya mche wa 1 imeandikwa neno moja, ukungu, na mbegu zake nilizitupa siku ile ile.